Tuige Mbinu, Tusiazime Machozi

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ukaiacha Maili Moja nyuma, kabla hujafika Mlandizi utapita Visiga. Wengi hupita tu. Malori yanapita, mabasi yanapita, na wanaoshuka ni wenyeji au watu waliokuja kuangalia viwanja. Hapa ndipo mimi na washikaji wenzangu watano tunapotengeneza filamu kwa simu ya mkononi, na hapa ndipo kundi letu lilipobaki kidogo livunjike. Hatukugombea mshiko wala mchumba. Tuligombana juu ya neno moja tu: kuiga.

Mambo yalikuwa hivi. Tulikuwa tumechanga shilingi 240,000 kwa miezi minne ili tupige filamu moja ya maana. Miswada ilikuwa miwili. Wa kwanza uliandikwa na mwenzetu mwenye kalamu nyepesi kuliko sote: tajiri, jumba lenye geti, binti yake wa pekee, mlinzi kijana anayempenda yule binti, na mama wa kambo aliyeficha chupa ya sumu kabatini. Mswada wa pili ulikuwa wa dada aliye mdogo kundini: mzee anauza shamba kwa mtu wa mjini, fedha zinaishia kwenye pikipiki na harusi ya kifahari, na miaka michache baadaye mwanawe anachukua kibarua cha kufyeka majani palepale, chini ya mwembe aliopandiwa siku alipozaliwa.

Ule wa jumba uliposomwa, watu walipiga makofi. Ule wa mwembe uliposomwa, watu walinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alijua ni shamba la nani.

Mwenye mswada wa jumba akasimama kuutetea wake. "Oya, watu hawalipi kuangalia shida. Shida wanazo nyumbani, tena bure! Halafu mnasema naiga. Kanumba hakuiga? Mbona nchi nzima ilimlilia?"

Hoja hiyo si ya kupuuza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Naijeria zilijaa kwenye maduka ya kukodisha kanda na kwenye vibanda vya video, na vijana wengi waliokuwa wakicheza maigizo ya televisheni walizitazama kama mwanafunzi anavyotazama ubao. Steven Kanumba, aliyepitia kikundi cha Kaole, hakuishia kutazama. Mwaka 2006 alicheza katika Dar 2 Lagos, filamu iliyowakutanisha waigizaji wa Bongo na wa Naijeria. Alipofariki Aprili 7, 2012, akiwa na umri wa miaka 28, umati uliofurika viwanja vya Leaders pale Kinondoni haukuwa wa kawaida. Wasomi walikuwa wamelalamika sana kwamba filamu zetu ni kopi, lakini watu wale walikuwa na uchungu wao wenyewe, haukukopiwa popote.

Basi, je, kuiga ni halali? Mimi nasema kuna kuiga kwa aina mbili, na ugomvi wetu ulikuja kwa kuzichanganya.

Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika tatu, nasi tuliiga kila pembe ya kamera kutoka kwenye filamu tuliyokuwa nayo kwenye simu. Siioni aibu. Tulikuwa tukisimamisha picha, tunahesabu, tunaandika daftarini: hapa uso mzima, hapa mgongo wa mmoja na uso wa mwingine, hapa mkono tu. Ndipo tulipogundua kwamba watu wawili wanaozungumza lazima kila mmoja abaki upande wake wa picha, ukiruka mstari ule mtazamaji anaona kama wote wanamtazama mtu wa tatu. Tuligundua pia kwamba picha mbaya inasameheka ila sauti mbaya haisameheki. Sisi tunaishi kandokando ya barabara kuu, lori likipanda gia maneno yote yanamezwa. Hayo hatukufundishwa na mwalimu. Tulifundishwa na kuiga, kama fundi cherehani anavyofumua suruali ya mtumba ili ajue ilivyoshonwa.

Na katika lugha yetu jambo hili lina ukoo mrefu. Mchukue Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wake anavuta kiko, anasoma alama ndogondogo ambazo wengine hawazioni, na ana rafiki, Najum, wa kushangaa kwa niaba ya msomaji. Nani asiyemwona hapo Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle? Lakini maiti inakutwa mzimuni, mahali pa matambiko, na fundo la kisa halifunguki mpaka ujue mambo ya ukoo: nani mtoto wa nani, na mali ni ya nani. Kiko kimetoka London. Sababu ya damu kumwagika imetoka shamba, Unguja.

Au tuje kwenye vibanda vya video. Lufufu alijipatia jina Dar es Salaam kwa kuzitilia filamu za kigeni maelezo ya Kiswahili, akiongeza ya kwake kila alipoona panafaa. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, alipoiandikia kazi hiyo makala aliipa kichwa kinachosema ni kugeuza wali kuwa pilau. Uganda nako wako waelezaji wa namna hiyo, na kutoka vibanda hivyo hivyo ikazaliwa sinema ya Wakaliga, mtaa wa Kampala. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, na juu ya milio yote VJ Emmie anatania, anasifu, anamzomea adui. Filamu za kivita za Marekani zimeigwa mle bila kificho. Lakini mtu anayepiga kelele ndani ya filamu, akikuhimiza uangalie, huyo Hollywood hawanaye. Kibanda cha video kimeingia ndani ya sinema yenyewe.

Nikawaambia wenzangu: tazameni kilichoazimwa na kilichobaki nyumbani. Mbinu inaazimwa. Kiko, pembe ya kamera, mlipuko, namna ya kukata picha, hivyo ni vyombo, na chombo hakina kabila. Kisichoazimika ni *kwa nini*. Kwa nini mtu huyu analia, anaogopa nini, uongo wake unamfichia nani. Ukiazima hilo umeazima machozi, na machozi ya kuazima hayamlizi mtu wa hapa.

Tukaujaribu mswada wa jumba kwa swali hilo. Kwa nini tajiri anamkataa mlinzi? Mwenzetu akajibu, kwa sababu ni maskini. Kwetu hapa je? Dada yule mdogo akasema kwao posa ikija, kabla ya fedha watu watauliza kijana ni mtoto wa nani, kwao wapi, na mjomba wa binti anasemaje. Hakika hii ni nchi ya Wazaramo, na kwa desturi ya zamani mjomba hakuwa mtu wa kupuuzwa. Mle jumbani mjomba hayumo kabisa. Mama wa kambo yumo, kwa kuwa katika filamu kama thelathini tulizoziona, mama wa kambo huwa yumo.

Mwenye mswada akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo lililonikaa kichwani. "Sawa. Lakini nikiandika jumba, hakuna mtu Visiga atakayekuja kunigongea mlango. Nyie mkipiga ule mwembe, mtamsalimia vipi mzee wake?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vijana wengi tunaiga. Watu husema ni uvivu, au ni kupenda mambo ya nje. Mimi naona kuiga ni salama. Tajiri wa kwenye jumba hana ndugu hapa kijijini. Ukimfanya mwovu, hakuna mtu wa kununa. Lakini mzee aliyeuza shamba unakutana naye dukani asubuhi, unamwamkia, naye anaitikia. Jambo la kwako lina wenyewe, na wenyewe wako hai.

Tukaamua kwenda kumwuliza. Dada yule aliogopa, akatutaka twende wote. Tulimkuta kibarazani jioni, anasikiliza redio. Tukamwamkia, akapunguza sauti, akaturuhusu tukae. Mimi ndiye niliyesoma, kwa sababu mwanawe alishindwa. Nilipofika kwenye harusi na pikipiki akainua mkono.

"Hayo mmeyatoa wapi?"

Hakujibu mtu.

"Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na ile harusi walichanga baba zake wadogo. Shamba niliuza kwa sababu ya maneno. Dalali alikuja, akasema viwanja vinakuja kupimwa, asiye na karatasi atanyang'anywa. Majirani nao wakasema hivyohivyo. Nikaona bora niuze mwenyewe kuliko kunyang'anywa. Na mpaka leo hawajaja kupima."

Akaongeza sauti ya redio, halafu akaipunguza tena. "Sinema fanyeni. Ila ule mwembe kila mtu anaujua. Wekeni mkorosho."

Tulirudi kimya. Njiani dada yule akasema hakuwahi kumwuliza baba yake hata siku moja. Alijua kwamba shamba liliuzwa. Sababu alijijazia, na aliyemjazia ni filamu, maana katika filamu mwanamume akiuza shamba lazima awe mlevi, mpenda anasa, au mjinga. Mswada wetu wa asili kabisa, ule tulioulinganisha na jumba kwa kujivuna, na wenyewe ulikuwa na moyo wa kuazima!

Ndugu zangu wenye kalamu na wenye kamera, hilo ndilo ninalotaka mlipime. Kupiga picha Visiga badala ya Lagos hakukufanyi uwe wa asili. Wala kumvika mama khanga, au kuweka ngoma ya mdundiko nyuma ya picha. Mandhari yanaweza kuwa ya kwetu mia kwa mia, na kisa bado kikawa kopi.

Sasa tumeandika upya. Hofu ndiyo mhusika mkuu: namna neno la dalali linavyotoka kinywa kimoja kwenda kingine, kisimani, msikitini, kijiweni, mpaka linakuwa kweli kwa sababu kila mtu amelisikia. Mwenzetu wa jumba ndiye aliyepewa maneno ya dalali, na ameyaandika bomba kweli, maana yule ni mtu anayejua watu wanapenda kusikia nini. Kuja kwake tumekupiga kwa namna tuliyoiiga waziwazi kutoka filamu za Lagos: mlango wa gari unafunguka, kiatu kinashuka kwanza, kinang'aa, kinakanyaga vumbi. Watu watacheka, watakumbuka walikokiona. Na wacheke. Baada ya kiatu kile, watakayoyasikia ni ya hapa.

Fedha ya kukodi nyumba yenye geti tumenunulia kipaza sauti kidogo cha kubana shatini, iliyobaki ni ya wali na maharage ya watu sita. Tumeshapiga siku tatu. Siku ya mwisho ni ya mkorosho, na mzee amesema atakuja kuangalia. Kama atakaa mpaka mwisho hatujui. Kabla hatujamwonyesha mtu mwingine, tutamwonyesha yeye.