Reli Chini ya Mlango

Barua ya kwanza tuliiandika Jumatatu baada ya chai ya saa nne, katika ofisi ya usharika. Haikuzidi mistari kumi. Ilisema kwamba gari aina ya Morris Minor, mali ya mjane wa mwalimu wetu wa zamani, lilitoka kiwandani Uingereza likiwa gari la wazi, lenye turubai la kukunja badala ya paa la bati, na kwamba sisi tuliotia sahihi tunalijua hivyo tangu zamani. Tukapiga muhuri wa usharika. Tulipoipitia mara ya mwisho tuliona neno moja limekosewa herufi, tukalisahihisha kwa kalamu. Kosa jingine hatukuliona.

Sisi ni watatu. Anayeshika kalamu ni mchungaji, mwalimu wa Agano la Kale katika chuo cha theolojia. Wa pili ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Wa tatu ni fundi bodi mwenye gereji kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, anayeimba besi katika kwaya kuu. Tunasimulia pamoja kwa sababu kosa lilikuwa la pamoja, na fundi amekataa katakata mchungaji asimulie peke yake, asije akajipa toba yote.

Bibi (tumwite hivyo, maana ndivyo usharika mzima unavyomwita) alikuwa na mjukuu wa kike aliyekuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa imesimama. Gari lilikuwa katika banda la zamani la kahawa, limefunikwa magunia, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mtu mmoja wa Nairobi anayekusanya magari ya kale aliona picha aliyoipiga yule mjukuu, akapiga simu siku ileile. Alikuwa na swali moja tu: lilizaliwa wazi, au lilikatwa paa baadaye? Morris Minor zilizotoka kiwandani zikiwa wazi ni chache kuliko zile za kawaida, na bei yake iko juu. Kwa hiyo wapo watu wanaochukua gari la kawaida, wanalikata paa, kisha wanaliuza kama la asili. Mnunuzi huyu alikwisha kuumwa na nyoka huyo, sasa alishtuka hata akiona unyasi. Kadi ya gari ililiwa na mchwa miaka mingi iliyopita. Akauliza kama kuna mtu wa kuaminika wa kumthibitishia. Bibi akamjibu, "Yupo Mchungaji."

Hatukumuuliza mtu yeyote. Tuulize nini, wakati kila mtu kijijini alijua? Mwalimu alikuwa akishuka na gari hilo kanisani siku za harusi, turubai limekunjwa, bibi arusi amekaa nyuma akishika shela isipeperuke. Mmoja wetu alipelekwa nalo kwenye kipaimara chake mwaka 1996, na mpaka leo anakumbuka upepo.

Alhamisi fundi alikwenda kulisafisha. Alifungua boneti, akasugua ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, na chini ya vumbi na grisi akakuta kibati cha namba. Akakipiga picha, akatutumia bila neno lolote. Namba ilianza na MA2S3.

Herufi hizo zina maana. M ni Morris, A ni aina ya injini, na tarakimu ya mwisho ni toleo. Jambo lote liko katikati: 2S ni gari la paa lenye milango miwili. Lile lililotoka kiwandani bila paa liliandikwa T, yaani MAT3. Barua yetu ilikuwa tayari Nairobi.

Hapo tulifanya jambo ambalo sasa tunalionea haya kuliko ile barua yenyewe. Tulijipa muda, tukauita utafiti. Tulisema labda kibati kilitoka kwenye gari jingine. Tulisema haifai kumhuzunisha Bibi kwa herufi tano. Mjukuu, ambaye hakujua tuna wasiwasi gani, alitusaidia kwa simu yake kuomba cheti kutoka jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, linalohifadhi daftari za kiwanda. Mzee alilipia kutoka kwenye pensheni yake. Wakati tukisubiri, tulisoma.

Gari hili lilibuniwa na Alec Issigonis, likaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza London mwaka 1948, na lilikuwa likiundwa Cowley, Oxford. Kufikia mwisho wa mwaka 1960 yalikuwa yametoka milioni moja, idadi ambayo hakuna gari la Kiingereza lililokuwa limewahi kuifikia. La wazi liliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1969. Tulikuta pia habari iliyotuchekesha. Gari lilipokuwa bado la majaribio, Issigonis aliliona jembamba mno. Akaamuru lipasuliwe katikati kwa urefu, vipande vikasogezwa mbalimbali hadi jicho lake liliporidhika. Liliongezwa upana wa inchi 4, na ule mkanda bapa unaopita katikati ya boneti ni kumbukumbu ya kuongezwa huko. Fundi alipitisha kidole juu ya mkanda huo kwenye gari la Bibi, akasema, "Kumbe hata kwao walianza na msumeno."

Cheti kilikuja. Gari la paa, milango miwili, usukani wa kulia, mwaka 1959, kupelekwa Mombasa.

Wiki hiyohiyo, darasani, somo lilikuwa limefika Yoshua 9. Wasomaji wanaikumbuka habari ya Wagibeoni: watu wa jirani kabisa waliokuja na magunia yaliyochakaa, viatu vyenye viraka na mikate iliyokauka ikaota ukungu, wakidai wametoka nchi ya mbali. Kwa miaka mingi tumefundisha sura hiyo kana kwamba wazee wa Israeli hawakuchunguza. Walichunguza. Waliishika mikate kwa mikono yao. Ila hawakutaka shauri kwa Bwana, na mikate ilisema kile walichokuwa tayari kukisikia. Mwanafunzi mmoja, kijana kutoka Mbulu, akauliza, "Mwalimu, walipogundua kwamba wamedanganywa, aliyewaambia alikuwa nani?" Maandiko hayasemi. Yanasema tu kwamba baada ya siku tatu walisikia. Aliyeuliza hakujua kwamba mwalimu wake alikuwa na picha ya kibati ndani ya simu kwa majuma matano.

Ilikuwa bado kuna swali la pili, na hili tulilitafuta kwa moyo safi zaidi: nani alilikata? Morris Minor halina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Paa ni sehemu ya nguvu yake, kama mfuniko uliopigiliwa juu ya kasha. Ukiliondoa tu, gari linazama katikati na milango haifungi. Kiwandani, magari ya wazi yaliongezewa vyuma vya kuimarisha chini na pembeni. Gari la Bibi lilikuwa limesimama imara zaidi ya miaka hamsini. Basi aliyelikata alijua.

Fundi akalala chini yake na tochi. Alipotoka alikuwa na sura ya mtu aliyeona mzimu. Chini ya kila mlango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, palikuwa na kipande cha reli. Mzee wa kanisa aliinama, akaitazama, akasema bila kusita, "Hii ni reli ya troli za mkonge." Baba yake alikuwa mkata mkonge, na yeye alikua akirukia troli hizo zilipokuwa zikipeleka majani kiwandani. Ni reli nyepesi, ndogo kuliko ya treni. Hapana shaka Oxford hawakuwa na reli ya mkonge.

Kuanzia hapo njia ilikuwa fupi. Wazee wa mkonge walikumbuka gereji ya Singasinga mmoja huko Moshi aliyekuwa akinunua vyuma chakavu vya mashambani. Gereji haipo tena. Lakini kijana wake wa kazi yupo, sasa mzee wa miaka sabini na kitu, anakaa Majengo. Tulimkuta barazani akimenya machungwa. Tulipotaja Morris ya mwalimu hakuinua kichwa. "Ile iliyoangukiwa na mkaratusi," akasema.

Ilikuwa masika ya mwaka 1966. Mti uliangukia gari likiwa limeegeshwa nje ya shule, paa likabonyea mpaka kwenye viti. Paa jingine halikupatikana. Singasinga alikuwa ameona Morris ya wazi Mombasa, akamwambia mwalimu, tukate. Walikata siku mbili kwa msumeno wa chuma. Siku ya tatu milango ikagoma na gari likalegea katikati kama kitanda cha kamba. Yule tajiri akakaa chini akanyamaza, kisha akamtuma kijana uani alete reli. Turubai lilishonwa na fundi wa mahema. Mwalimu alilipa kidogokidogo kila mwisho wa mwezi, akisafiri kwa basi kuleta fedha mkononi. "Na mimi nilichomelea kiungo kimoja," mzee akamaliza. "Cha kwanza maishani mwangu. Nilikuwa mshika taa tu."

Tulirudi tukiwa na ukweli wote, na hatukuwa na furaha.

Mzee wa kanisa alipendekeza ndani ya basi kwamba mnunuzi atakuja mwenyewe kulitazama, ana macho, aamue. Fundi akajibu kwamba mnunuzi akija ataangalia muhuri kwanza, na akishauona hatalala chini ya gari. Luther, katika maelezo yake ya amri ya saba, hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango. Aliwafikisha wachuuzi wa sokoni wanaouza bidhaa mbovu kwa jina la nzuri. Hatukuhitaji kumkumbushana. Tulihitaji tu mtu wa kwanza kupanda ngazi za nyumba ya Bibi.

Tulikwenda wote. Akatukaribisha chai. Tulipomaliza kueleza, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mchungaji, mwanangu, barua mliandika ninyi. Mimi sikuwaambia mpige muhuri."

"Ni kweli, Bibi."

"Na ada ya mtoto? Mtalipa ninyi?"

Hatukuwa na jibu. Mtu anaweza kuandika mengi kuhusu ujasiri wa kusema kweli. Huandikwa kwa urahisi zaidi na wale ambao si wao watakaoilipia. Bibi alikuwa anailipia kweli yetu, baada ya sisi kumpa matumaini kwa uongo wetu.

Kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea. "Hakuniambia kamwe kwamba lilitoka Ulaya hivyo. Nilisema mimi. Mwaka 1967, kwenye harusi yetu, dada zangu waliuliza gari gani hili halina paa, nikawaambia ndivyo Wazungu wanavyoyatengeneza. Yeye alikuwa amesimama hapo. Hakunikatalia." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Miaka yote hiyo. Alikuwa akiniona nikisimulia."

Mzee akamwambia labda hakutaka kumwaibisha mbele ya dada zake. "Siku ile, sawa," Bibi akasema. "Na siku zilizofuata?"

Alitutaka tuandike barua ya pili, na ndani yake tuseme kwamba mume wake hakumdanganya mtu. Hapo ndipo tulipojifunza kuandika barua. Tulimwambia tutaandika tunachokijua: kwamba mwalimu alilikata gari kwa sababu ya mti, akalilipia lote, wala hakujaribu kumuuzia mtu. Alifikiri. "Na reli mwitaje," akasema. "Kama ni kusema, semeni na reli."

Barua ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Iliwekwa pamoja na nakala ya cheti na picha ya reli, na ilianza kwa kuomba radhi kwa muhuri. Mnunuzi alijibu kwa kushukuru, akanyamaza wiki tatu, kisha akatoa bei iliyo chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Bibi alikataa. Muhula mmoja ulilipwa kwa changizo la usharika baada ya ibada. Mwingine tumeulipa sisi watatu, jambo ambalo Bibi aliona ni sawa kabisa na hakutushukuru kupita kiasi. Wa tatu bado tunadaiwa.

Mwezi wa nane yule mzee wa Majengo alikuja kwa basi, amevaa koti, kumsalimu Bibi. Walizungumza kuhusu mwalimu, jinsi alivyokuwa akihesabu fedha mara mbili kabla ya kuzitoa. Kisha akaomba kuonyeshwa gari. Kuku waliondolewa. Akavua koti, akalikunja vizuri, akalitandika chini na kupiga goti kando ya mlango wa kushoto, akapitisha mkono kwa ndani mpaka vidole vikafika alipokuwa anapatafuta.

"Hiki hapa changu," akasema. "Njoo ushike, Bibi. Uone nilivyokipinda."

Bibi akashika mlango, akaanza kuinama taratibu.