Boga la Mbegu: Mchezo wa Mavuno Katika Nchi ya Kano

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Nakuru na Kericho, akiisha kuyapita mashamba ya chai, huteremka muda mrefu hata masikio yakaziba. Kisha nchi hulala mbele yake. Mkono wa kulia umesimama ukuta wa milima ya Nandi. Mkono wa kushoto, kwa mbali, waonekana uwanda wa juu wa Nyabondo. Na katikati ndipo lilipo bonde la Kano, tambarare kama mkeka, lenye mpunga pale Ahero na miwa upande wa Kibos na Miwani. Joto humlaki mgeni mlangoni mwa gari. Hapo ajue kwamba ziwa li karibu.

Mimi nilifika huko mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kumzuru rafiki yangu ambaye tuliwahi kufanya kazi pamoja katika afisi moja. Boma la mama yake liko baina ya Ahero na ufuo wa Ghuba ya Winam, mahali ambapo jioni husikii kitu ila ndege na mashine ya kusagia unga. Mahindi ya chwiri, yaani ya mvua kubwa, yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Mabua yalikuwa yamelazwa chini, na kati ya mabua maboga yalibaki yamekaa wazi, makubwa kwa madogo, mengine ya kijani yenye mabaka, mengine ya manjano kama jua la magharibi.

Watu wa pwani husema boga, na wengi wa bara husema malenge. Wajaluo huliita budho, na majani yake mateke, yakipikwa kwa maziwa, huitwa susa; asiyepata kuyala asijisifu kwamba ameijua Nyanza. Mmea huu tumeuzoea hata twaudhani ni wetu tangu mwanzo, kumbe asili yake ni Amerika. Watu wa nchi ya Meksiko waliulima yapata miaka 10,000 iliyopita, nao haukuvuka bahari kuja Afrika ila baada ya merikebu za Wareno kuanza safari zao. Lililo letu hasa ni buyu lile ambalo Wajaluo hulikata kuwa agwata ya kunywea maji. Lakini mgeni huyu wa Amerika amekaa kwetu vizuri. Hapandwi peke yake. Hupandwa chini ya mahindi na mtama, akatambaa, akaifunika ardhi isikauke, akalisha nyumba nzima kwa majani, kwa nyama yake na kwa mbegu za kukaanga.

Sasa niseme jambo lililonitia aibu.

Nilikuwa nimesoma habari za mchezo mmoja ambao watoto wa Marekani hucheza katika karamu za mwezi wa Oktoba, majani ya miti yanapopukutika kwao na mavuno yanapoingia ghalani. Mchezo wenyewe ni rahisi. Watoto hugawanyika makundi mawili. Kila kundi hupewa boga moja na fimbo moja. Boga huwekwa ubavu juu ya mstari, na mchezaji hulibiringisha kwa fimbo mpaka kwenye alama iliyo mbali, akaizunguka, akarudi nalo, akampa fimbo mwenzake. Ni marufuku kulishika kwa mkono au kulipiga teke. Kundi litakalomaliza kwanza ndilo lililoshinda. Nikaona, mbona hapa maboga ni tele, uwanja ni tele, na watoto wanazubaa kwa kukosa kazi? Kwetu hakuna majira ya kupukutika majani, lakini mavuno yapo.

Nikawakusanya watoto wa boma na wa jirani, wapata kumi na wawili. Wavulana wawili walileta maboga kutoka uani, lakini yalikuwa bapa mno, yenye upande uliolalia ardhi. Nami nikaingia shambani mwenyewe. Mwisho wa tuta nikaona boga moja la mviringo safi, gumu, lililokauka kikonyo. Kwenye kikonyo kulikuwa na uzi wa katani uliofungwa fundo. Nikadhani ni uzi wa kulibebea. Nikalikata. Watoto walinitazama, wakatazamana, wakanyamaza, kwa maana mgeni hasahihishwi.

Mchezo ulikwenda vizuri kwa dakika kumi hivi. Yeyote asemaye kwamba ni mchezo wa watoto wadogo tu na aujaribu mwenyewe. Boga si mpira. Uzito wake haukugawanyika sawasawa, na mbavu zake hulipeleka litakako lenyewe. Mvulana mmoja mrefu alilipiga kwa nguvu kama anayecheza adhula, ule mchezo wa zamani wa Wajaluo wa kushindania mpira kwa fimbo zilizopinda. Boga likapinda mkono wa kushoto, likaingia kwa kuku. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Baada yake akaja binti mmoja mdogo, asiyezidi miaka tisa. Yeye hakupiga hata mara moja. Aliiegemeza fimbo ubavuni mwa boga, chini kidogo ya katikati, akatembea nalo polepole kama mtu anayerudisha ndama nyumbani, akaizunguka alama na kurudi, wakati mpinzani wake angali akilitafuta lake nyuma ya ghala.

Zamu yangu ilipofika nilikwisha kumsahau yule binti na hekima yake. Nilipiga. Boga lilikimbia moja kwa moja mpaka kwenye jiwe la kunolea visu, likapasuka vipande viwili.

Hakuna aliyecheka. Nikainua macho, nikamwona mama wa rafiki yangu amesimama mlangoni, ambaye watoto wote humwita Dani, yaani bibi. Akaja taratibu, akainama, akauokota ule uzi wa katani.

“Wuoda,” akaniambia, yaani mwanangu, “nani aliyelikata hili?”

“Ni mimi, Mama. Niwie radhi. Sikujua kwamba lina kazi.”

“Uzi huu hukuuona?”

“Niliuona, Mama.”

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Aliketi juu ya kigoda, akanieleza, na pale Kiswahili chake kilipokwama mwanawe alikuwa akikamilisha. Mbegu za boga lile alipewa na mama mkwe wake siku alipoletwa katika boma hilo kuwa mke. Kila mwaka huchagua boga moja, hulifunga uzi ili mtu yeyote asilichume, hulikomaza shambani mpaka kucha isipenye ganda lake, kisha hulitunza mpaka msimu. Mwaka 2020, ziwa lilipojaa na Mto Nyando ukamwagika katika nyumba za watu, alitoka usiku na wajukuu wawili na kibuyu cha mbegu kichwani. Maji yalichukua kuku, magodoro na mahindi yote ya akiba. Kibuyu hakikuchukuliwa. Msimu huu, kwa sababu ya nzi wa matunda, maboga mengi yalitobolewa yakiwa machanga, na lile la uzi ndilo moja tu aliloliona linafaa.

Nafikiri wasomaji wengi, hasa walio wakulima, wanaelewa jinsi nilivyojisikia. Sisi tulioshika kalamu miaka mingi twajua kusoma habari za Marekani, tukashindwa kusoma fundo la katani.

Jumapili yake nikaondoka asubuhi na mapema kwenda Kisumu, nia yangu kununua boga jingine. Mji huo wa joto na ndege wa maji una habari yake. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuoni mwezi wa Desemba mwaka 1901, na bandari ikaitwa Port Florence. Lakini jina la wenyeji likashinda. Wazee wengi hueleza kwamba Kisumu latokana na neno la Kijaluo, kisuma, ambalo maana yake ni kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine wakati wa njaa, na kwamba mahali hapo watu wa kabila mbalimbali walikutana kubadilishana nafaka, mifugo na samaki. Basi ni mji wenye njaa ndani ya jina lake. Nilikuwa nimepita humo mara nyingi nisilifikiri jambo hilo. Siku hiyo nililifikiri njia nzima.

Soko la Kibuye siku ya Jumapili ni kama mji mwingine ndani ya mji. Nguo za mitumba, masufuria, ngege na omena waliokaushwa, mitungi, viti vya mbao, vyote viko chini ya jua moja. Maboga nayo yalikuwako, yamepangwa marundo, na mama aliyeyauza alinigongea moja kwa kidole ili nisikie lilivyokomaa. Nikanunua mawili, kila moja kubwa kuliko lile nililolivunja, nikapanda gari moyo ukiwa mwepesi kidogo.

Dani aliyapokea kwa mikono miwili, akasema, “Erokamano.” Akayapeleka jikoni. Nikamwuliza kama hatachukua mbegu zake. Akatikisa kichwa. Maua ya boga, alinieleza, yako ya kiume na ya kike, na nyuki ndiye apelekaye habari baina yao. Ukipanda mbegu ya sokoni karibu na ya kwako, nyuki hawezi kujua mpaka, na mwaka unaofuata huvuni ulichokijua. Nimepata kusikia maneno hayo hayo kwa mabwana shamba wenye vyeti, lakini si kwa ufupi huo.

Hapo nikakumbuka kwamba Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi, aliishi Kisumu, na mwaka 1968 alikuwa kiongozi wa tamasha la sanaa lililofanywa mjini humo. Kitabu chake kilichochapishwa Nairobi mwaka 1966, Song of Lawino, kimejengwa juu ya methali ya kwao inayowakataza watu kuung'oa mboga walioukuta umeota katika mahame. Waacholi na Wajaluo ni ndugu kwa lugha. Lakini nadhani Dani hakuhitaji mshairi wa kumwambia.

“Na lile nililolipasua, Mama?” nikamwuliza. “Limetupwa?”

“Nani atupaye chakula?” akasema.

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kumbe jioni ile ile ya Jumamosi, nilipokuwa nimejificha chumbani kwa haya, aliwaita watoto wote wa mchezo. Nyama ya boga ilipikwa, nami niliila kwa maziwa usiku ule bila kujua ninachokula. Mbegu zilioshwa mpaka utelezi ukatoka, zikatiwa katika maji. Zilizoelea wakapewa kuku, na zilizozama zikachanganywa na majivu, zikatandazwa kivulini juu ya ungo. Kwa kuwa boga lilikuwa limekwisha kukomaa, mbegu zake hazikudhurika na jiwe. Yule binti mdogo alikuwa mlinzi wa ungo, na fimbo yake ya mchezo sasa ilikuwa ya kufukuzia kuku. Alikuwa amezihesabu mara mbili. Zilikuwa 183.

Siku iliyofuata Dani mwenyewe aliuliza kwa nini watoto hawachezi. Wakasema wanaogopa. Akaingia ghalani, akatoka na maboga matatu yaliyotobolewa na nzi, ambayo yasingaliweza kukaa hata wiki mbili, akayaweka mstarini. Sharti lake lilikuwa moja: litakalopasuka, ng'ombe wapewe jioni ile ile, wala pasibaki kipande uani. Akatufundisha pia jinsi ya kulipima boga la kuweka akiba, jambo ambalo naliandika hapa kwa faida ya wenzangu. Likatwe pamoja na kikonyo chake, maana lililong'oka kikonyo huoza kuanzia hapo. Lisitupwe wala lisibingirishwe, kwa sababu pigo la leo huwa jeraha la mwezi ujao. Na liwekwe juu ya mabua makavu au ubao, mahali penye hewa, lisigusane na jingine. Likitunzwa hivyo hukaa miezi kadhaa. Kwa hiyo boga la mchezo na boga la ghala hayawezi kuwa moja, na mtu mzima achague kabla watoto hawajashika fimbo.

Tulicheza mpaka jua likazama upande wa ziwa. Babu mmoja wa boma la pili, aliyekuja kuazima jembe, alisimama kutazama, kisha akaomba fimbo. Alisema kwamba ujanani walicheza adhula mpaka vifundo vya miguu vikavimba, na kwamba boga hili halina adabu kabisa. Alilipiga mara tatu, likaenda kila mahali isipokuwa mbele. Kundi langu lilishindwa mara nne mfululizo. Yule binti hakushindwa hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, gari likiwa limekwisha kupiga honi barabarani, Dani alinipa karatasi iliyokunjwa na kufungwa kwa uzi wa katani. Ndani mlikuwa na mbegu kumi. Nikamwambia kwamba mahali nikaapo sina shamba, nina kipande kidogo tu nyuma ya nyumba, na jirani yangu amepanda maboga ya dukani.

“Basi zungumza na jirani,” akasema, akarudi kwenye ungo wake.