Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Zama za Kati na Hadithi za Milimani

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Nimeisoma sura ya tasnifu yako, unamotafuta athari za Zama za Kati za Ulaya katika fasihi ya milima ya Appalachia huko Marekani, na imenifurahisha, illa pana jambo ambalo mimi, niliye mjomba wako, siwezi kulinyamazia.

Zile nyimbo za masimulizi ambazo Mwingereza Cecil Sharp, pamoja na Maud Karpeles, alizikusanya milimani baina ya 1916 na 1918, umezihesabu zote kuwa mirathi ya Zama za Kati, na hali wimbo mashuhuri kupita yote, wa Barbara Allen, ushahidi wake wa mwanzo ulioandikwa ni shajara ya Samuel Pepys ya mwaka 1666. Ukale hauthibitiki kwa sababu mwimbaji ni mkongwe na nyumba yake iko mbali na barabara. Dhana hiyo ina asili yake: William Goodell Frost, rais wa Chuo cha Berea, alitoa makala mwaka 1899 akiwasawiri watu wa milima hiyo kuwa ni mababu waliosalia hai, na tangu hapo wageni wengi wamewaendea kama waendeao magofu, wakisahau kwamba hata banjo yao asili yake ni Afrika, si Ulaya.

Ama mshairi Fred Chappell ni habari nyingine kabisa. Katika *Midquest* ya 1981, ambayo ni utenzi, na nakusihi usiiache nje, msemaji anatimiza miaka 35, umri ule ule ambao Dante alimpa msafiri wake wa Motoni, Toharani na Peponi, na vitabu vyake vinne vimejengwa juu ya maji, moto, hewa na ardhi. Hapa huna haja ya kubahatisha, kwa kuwa mtu wa milimani amemsoma Dante, akamchagua kwa hiari yake, akamtia katika maisha ya shamba na jamaa zake wa North Carolina. Huyu ni msomaji mwenzio, na kwake ndiko ningependa uanzie.

Kisha, kabla hujaniletea sura ifuatayo, irudie riwaya ya Lee Smith, *Oral History*, ya 1983, umtazame kwa makini yule msichana wa chuo aliyekwenda kwa jamaa zake na kinasa sauti, akaandika daftarini maneno matamu juu ya watu asiowafahamu.

Wasalaam,
Mjomba wako