Wosia kwa mjukuu anayepanda meli ya upimaji

Mjukuu wangu,

Nimesikia umepata nafasi ya mtaalamu wa viumbe katika meli ya kupima bahari. Hongera, na Mungu akulinde. Miguu yangu hainifikishi tena bandarini, kwa hiyo nakuachia maneno haya uyasome safarini.

Jua kwanza kwamba meli ile si yako. Imetumwa kupima kina na kuchora miamba. Viumbe wako watapata muda utakaobaki. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. HMS Beagle ilipoondoka Uingereza tarehe 27 Desemba 1831, ilikwenda kuchora pwani za Amerika Kusini, ikiwa na saa 22 za kutafutia longitudo. Charles Darwin, kijana wa miaka 22, alikuwa mgeni wa nahodha FitzRoy, hana mshahara. Alilala chumba cha ramani, juu ya meza ya wachoraji, na ilimbidi atoe droo usiku ili miguu ipate nafasi. Bahari ilimlevya mpaka mwisho wa safari. Luteni Wickham alichukizwa na uchafu wa viumbe aliomwaga kwenye sitaha. Wewe safisha sitaha kabla hujaambiwa. Mabaharia wakikupenda, watakuitia hata samaki aliyepita wewe umelala.

Wala usigombee cheo. Robert McCormick, daktari wa Beagle, alitarajia yeye ndiye atakayekusanya viumbe kama ilivyokuwa desturi ya wanamaji. Alipoona Darwin anapendelewa, aliiacha meli Rio de Janeiro mwaka 1832.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mabaharia wa upimaji hawalali bila kuandika walipo. Waige. Mwaka 1835, katika visiwa vya Galápagos, Darwin alikusanya ndege wadogo, na wengi wao hakuwaandikia kisiwa walichotoka. Mwaka 1837, huko London, mtaalamu wa ndege John Gould alipobaini kwamba wale ni spishi mbalimbali, swali la kisiwa likawa kubwa kuliko ndege wenyewe. Ikabidi Darwin aombe msaada wa mikusanyo ya FitzRoy na ya mtumishi wake mwenyewe, Syms Covington, waliokuwa wameandika. Basi kila unachokitoa majini kiandikie siku, mahali na kina kabla hujala. Tumia penseli, maana wino mwingi hufutika ndani ya spiriti.

Kuna viumbe wasiongoja. Thomas Huxley, daktari msaidizi wa HMS Rattlesnake iliyopima bahari ya kaskazini mwa Australia kati ya 1846 na 1850, alichagua yavuyavu, ambao huharibika upesi wakitolewa majini. Aliwapasua na kuwachora wangali wabichi, akatuma makala London kutoka safarini. Ilichapishwa mwaka 1849. Namheshimu sana kwa hilo: hakungoja maabara nzuri.

Andika pia majina ya watu. Darwin alifundishwa kujaza ngozi za ndege mjini Edinburgh na John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, na ni wachache wanaomtaja. Mvuvi wa Kilwa au Pemba akikuonyesha samaki usiyemjua, jina lake likae kwenye kibandiko kimoja na samaki huyo. Hili nakuusia kwa moyo wangu wote.

Na afya yako, mwanangu. Nahodha William Owen alipoanza kupima pwani za Afrika mwaka 1822, homa iliua mabaharia wake wengi. Mkusanyaji wa mimea aliyefuatana naye, John Forbes, alifia Sena, kando ya Zambezi, Agosti 1823, angali kijana. Mkishuka mitoni, lala ndani ya chandarua na umeze dawa, hata kama wenzako wanakucheka.

Lenzi yangu ni yako. Daftari za samaki zimo sandukuni, chini ya kitanda. Ukirudi zipeleke maktaba ya chuo, zisomwe na yeyote anayetaka.

Babu yako