Kipakatalishi Chepesi

Nyumba yetu iko upande mmoja wa mto wa mchanga, na shule nifundishayo iko upande wa pili, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hapa Kanyangi, katika Kaunti ya Kitui, mito mingi ni ya namna hiyo: hufurika siku chache za mvua, kisha maji hupotea machoni, ukabaki mchanga ambao mguu huzama ndani yake hata kifundoni. Njia hiyo naipita asubuhi na jioni, begi likiwa mgongoni. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu wengi waniulizao kwa nini nilinunua kipakatalishi kidogo, ilhali kikubwa kilikuwapo dukani kwa bei iliyokaribia kulingana, huniuliza tukiwa tumeketi vitini.

Mwalimu wa siku hizi hana budi kuwa na kompyuta. Maandalio ya masomo, mitihani, alama za wanafunzi, na hata taarifa za utendaji kazi wake mwenyewe, huandikwa na kupelekwa kwa intaneti. Kwa muda mrefu nilifanya kazi hizo kwa kuazima. Shuleni palikuwa na kompyuta moja, nasi walimu tuliizunguka kama ng'ombe wauzungukao mbuga wa maji wakati wa kiangazi. Basi nikaanza kuweka akiba kidogo kidogo, na mwisho wa mwaka 2022 nilikuwa na shilingi 50,000. Haikuwa miaka ya neema. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, na mahindi tuliyozoea kuyatoa ghalani tuliyanunua sokoni kwa kopo. Nilijua kwamba nikikosea kununua, sitapata nafasi ya kununua tena upesi.

Kazi nilizozitaja ni ndogo. Ni maneno na tarakimu tu. Lakini nakiri kwamba moyo wangu haukutaka kompyuta ya maneno na tarakimu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja alituonyesha picha za kuchora zilizotembea, zikieleza jinsi moyo wa mwanadamu unavyosukuma damu. Zilichukua dakika tatu. Nilikuwa nimelisoma somo hilo vitabuni miaka mingi na kulikariri kwa mitihani, na siku ile ndipo nilipolielewa. Tangu hapo nilikuwa na azma ya kutengeneza picha kama zile kwa ajili ya watoto wa kwetu, na picha hizo, kama ajuavyo kila aliyejaribu, hutaka mashine yenye nguvu.

Ninaye rafiki ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Makueni, ambaye hufundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Yeye ana kipakatalishi kiitwacho ThinkPad P50, ambacho hukitumia kuchorea ramani za nyumba. Shule zilipofungwa kwa uchaguzi wa Agosti 2022, aliniazima kwa juma moja ili nikijaribu. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga.

Siku ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha kuu. Skrini yake ilikuwa pana, na kila nilichokiagiza kilitendeka kabla sijaondoa kidole. Jioni betri yake ikapungua, nami nikakichomeka kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wetu ni wa jua: paneli moja juu ya paa, betri moja chini ya meza, na kile kisanduku kigeuzacho umeme wa betri uwe wa kutumiwa na vyombo, ambacho mafundi hukiita inveta. Inveta yetu ina uwezo wa wati 150. Chaja ya mashine ile imeandikwa wati 170. Mimi nifundishaye watoto kusoma tarakimu sikuwa nimezisoma. Inveta ikatoa mlio mrefu wa kulalamika, kisha ikazima, na taa zote zikazimika nayo. Watoto walikuwa katikati ya muthokoi. Katika giza lile nilimsikia mama yangu akisema kwa upole, "Mwanangu, mgeni wako anakula kuliko sisi sote."

Tangu usiku huo ilinibidi kumpeleka mgeni sokoni ili ashibishwe. Palikuwa na kibanda cha kuchaji simu, nami nililipa na kungoja, nikirudi nyumbani machweo na mzigo wangu. Kipakatalishi peke yake kilikuwa na uzito wa kilo mbili na nusu, na pamoja na chaja yake, ambayo ni kama tofali dogo, mzigo ulipita kilo tatu. Kilo tatu si kitu, atasema mtu. Kina mama wa kwetu hubeba mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ukiwa kichwani, na hawaandiki insha. Ni kweli, wala sitaki kujilinganisha nao. Ila wao hubeba maji kwa kuwa maji hayana kingine cha kuyashika nafasi, nami nilikuwa nikibeba nguvu ambazo siku sita katika saba sikuzitumia. Juma lile, nilipohesabu, niliandika barua mbili, nikapanga alama za darasa moja, na nikatengeneza picha za sekunde nane.

Hapo nikaanza kujifunza maana ya tarakimu zile. Ubongo wa kompyuta kama ile ya rafiki yangu umeundwa kwa kiasi cha wati 45 unapofanya kazi kwa bidii, nao ule wa vipakatalishi vyepesi vya wakati huo ni wati 15. Nguvu hazitoki hewani. Hutoka katika betri, na betri ni uzito. Mashine yenye nguvu hupata moto, na moto hutaka feni kubwa na vyuma vya kuuondoa, navyo ni uzito tena. Hata chaja huwa kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu adhaniaye kwamba ananunua nguvu peke yake hununua ukoo mzima.

Kwa kweli jambo hili ni la tangu zamani. Mwaka 1981 huko Marekani ilitoka kompyuta iliyoitwa Osborne 1, ikauzwa kwa sifa ya kwamba mtu aweza kusafiri nayo. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, umbo la sanduku, na haikuwa na betri. Aliyeibeba alibeba tu. Kuitumia ilikuwa mpaka afike penye umeme. Nasi Kenya tulipata fundisho letu. Katika kampeni za mwaka 2013 waliahidiwa vipakatalishi watoto wote wa darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vilikuwa tabuleti, vidogo na vigumu vya kustahimili mikono ya watoto. Watu wengi walicheka na kusema kwamba ahadi imekonda njiani. Juu ya mengine ya mpango ule, kama vile umeme na mafunzo ya walimu, maneno ni mengi na si ya hapa. Lakini juu ya ukubwa wa kifaa mimi sikucheka. Mtoto wa miaka sita alipewa kitu awezacho kukiinua.

Basi Desemba nikasafiri kwenda Nairobi, nikaingia katika maduka ya Barabara ya Luthuli, ambako huuzwa pia kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya. Kijana muuzaji aliniwekea mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ndugu wa ile ya rafiki yangu, shilingi 48,000. Ya pili ilikuwa ThinkPad X270, ya skrini ya inchi 12 na nusu, shilingi 43,000. Nguvu zake zilikuwa chache, lakini umri wake ulikuwa mdogo na mwili wake haujachubuka. Kijana akaisifu ile kubwa. "Mwalimu, hii haitakushinda kwa lolote," akasema, "na tofauti ni elfu tano tu." Akainyanyua kwa mkono mmoja kunionyesha kwamba si nzito. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami niliinyanyua, na kusema kweli, pale dukani haikuwa nzito hata kidogo. Duka halina mchanga.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyokuwa adabu. Sitaki msomaji adhani kwamba nilikata shauri kwa urahisi, kama mtu akokotoaye hesabu na kupata jibu. Upande mmoja palikuwa na inveta, na mto, na chaja ya wati 170. Upande wa pili palikuwa na ule moyo uliochorwa ukisukuma damu. Niliona wazi kwamba nikichukua ile ndogo nitakuwa nimeiweka azma yangu kando, pengine kwa miaka, na kwamba hakuna atakayenilaumu ila mimi mwenyewe. Kisha nikamwomba kijana anipe mizani. Hakuwa nayo. Nikavua begi langu, nikatia vitabu viwili vya darasani na chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaitia ile mashine kubwa na chaja yake, nikalivaa, nikasimama nalo nikimsikiliza akinieleza habari za dhamana. Baada ya robo saa nikalivua. Nikalipa shilingi 43,000.

X270 ina kilo moja na theluthi hivi, na chaja yake ni wati 45, ambayo inveta yetu huilisha bila kulalamika. Ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma ichomokayo, hata waweza kuibadili ile ya nyuma bila kuizima mashine. Kwa shilingi nilizobakiwa nazo nilinunua betri moja ya akiba. Betri kuukuu hazina tena nguvu za ujana wao, lakini kwa kazi ya kuandika hunitosha kutwa nzima shuleni. Yapo yanayoniudhi: skrini ni ndogo, na juani haisomeki. Rafiki yangu wa Makueni angali na mashine yake kubwa, naye amefanya vyema; kwake inakaa juu ya meza, karibu na umeme, na ramani ya ghorofa haichoreki katika skrini ya kwangu. Kama tungebadilishana, sote wawili tungepata hasara.

Mwaka 2024 nilijaribu lile jambo nililoliweka kando. Sikuchora moyo, nilichora mto wetu: jinsi mvua inavyopita, jinsi maji yanavyozama na kukaa katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, mahali jua lisipoyafikia, na jinsi mwamba wa chini au ukuta wa bwawa la mchanga unavyoyazuia yasiende zake. Picha zitembeazo za dakika mbili, ukizihesabu 24 kwa kila sekunde, ni picha 2,880. Kipakatalishi changu kilihitaji sekunde kumi kwa kila moja, yaani saa nane. Ile kubwa ingemaliza kazi hiyo kwa muda mfupi sana kuliko huo. Mimi niliigawa kwa usiku tatu, saa mbili na dakika arobaini kila usiku, nikiwa nimekiinua juu ya vijiko viwili ili hewa ipite chini yake, kwa kuwa kilipata moto kama chungu. Usiku wa pili nilikuta nimekosea rangi katika picha mia mbili, nikaanza upya. Nilikasirika, na nilijua nimekasirikia nini.

Darasani, skrini ile haikutosha watoto arobaini na watatu. Waliitazama kwa makundi ya wanane, na walio nyuma walisukumana. Siku iliyofuata nikaona afadhali twende mtoni wenyewe. Nikaitia mashine begini, tukashuka darasa zima. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, tulikaa chini ya mgunga, na watoto wakajifunika shuka vichwani pamoja na kompyuta, nane kwa nane, kama wafukizao dawa ya mafua. Karibu nasi palikuwa na kisima kilichochimbwa mchangani, na nyanya mmoja alikuwa akiteka kwa kata na kujaza mitungi ya punda wake. Alitutazama kwa muda, kisha akaja akauliza ni kitu gani kinachofichwa. Watoto wakampisha chini ya shuka. Akazitazama dakika zote mbili kimya, akaomba aonyeshwe mara ya pili.

"Mwalimu," akasema alipotoka, "umeyachora vizuri yanavyoingia. Lakini maji yetu si ya buluu."

Akarudi kwenye kisima, akateka kata moja, akaileta watoto waione.