Konokono, seli moja na neno "kawaida"

Hivi umewahi kujiuliza kwa nini mgeni akija kulala kwako Manzese, usiku wa kwanza hapati usingizi kwa kelele za baa, lakini baada ya wiki moja anakoroma kukushinda wewe mwenyeji? Tunasema amezoea. Kumbe kuzoea nako ni kujifunza.

Kuna mwanasayansi anaitwa Eric Kandel, mzaliwa wa Vienna mwaka 1929, aliyekulia Marekani. Badala ya kuhangaika na ubongo wa binadamu wenye mabilioni ya seli, alimchagua konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Sababu? Ana seli za neva kama 20,000 tu, na nyingine ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Mwaka 2000 kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel, pamoja na Arvid Carlsson na Paul Greengard.

Mguse konokono huyo taratibu kwenye mrija wake, atarudisha matamvua ndani haraka. Mguse tena na tena bila kumdhuru, mwishowe hajishughulishi. Utadhani seli inayohisi mguso imelala. Wapi! Bado inahisi, bado inatuma ishara. Kilichopungua ni kemikali ya ujumbe inayoimwagia seli inayovuta msuli. Ukirudia zoezi kwa siku kadhaa, mazoea hayo hudumu kwa wiki, na hata sehemu za kukutania seli hizo mbili hupungua.

Mimi nasoma haya kwa jicho la kazi yangu. Majuzi ndani ya daladala redio ilitangaza ajali ya basi. Abiria wa pembeni yangu akasema, "Aa, kawaida hiyo," akarudi kwenye simu yake. Sikumlaumu. Wala sisemi ana kichwa cha konokono. Huruma ya mtu ni kubwa kuliko seli mbili. Ila konokono amenifumbua macho: kunyamaza si lazima kuwe kutosikia. Habari imefika. Kinachopungua ni kile kinachotoka baada ya kufika.

Sasa tufanyeje? Kandel aligundua pia kwamba ukimpiga konokono shoti ya umeme mkiani, kemikali iitwayo serotonini huifanya seli ile ile imwage ujumbe kwa wingi. Mazoea kwisha! Ndiyo dawa ya wenzangu wanaobandika picha za maiti ukurasa wa mbele. Lakini konokono wa shoti hajaelewa chochote. Anaogopa tu, hata mguso mdogo usio na madhara.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo naipenda. Konokono aliyezoea kuguswa kwenye mrija, ukimgusa mahali pengine, kwenye seli nyingine za kuhisi, anashtuka vizuri tu. Hajafa ganzi mwili mzima. Amechoshwa na mguso ule ule.

"Watu wanane wamefariki" ni mguso ule ule. Fundi cherehani aliyekuwa akipeleka ada ya mwanawe ni mguso mwingine. Breki ambazo abiria walizilalamikia tangu stendi ni mwingine tena.

Je, wewe mara ya mwisho kusema "kawaida hiyo" ilikuwa lini, na kuhusu nini?