Programu Mpya na Amana ya Picha



Likizo iliyopita nilikwenda Kosele, upande wa Homa Bay, kumzuru binti wa marehemu dada yangu aliyeolewa huko. Ana duka dogo la picha. Wanafunzi humjia kwa picha za vitambulisho, waliofiwa humletea picha za wapendwa wao azikuze, na kina mama wa Kiislamu, hata wa Kendu Bay, humwita kwenye harusi zao kwa kuwa ni mwanamke mwenzao.

Usiku wa kwanza, baada ya sala ya Isha, aliniomba shauri. "Mjomba, programu ninayochapia picha ni ya zamani. Toleo jipya lipo, lakini hulipiwa ada kila mwaka. Nilipe, au nibaki na hii?"

Nikajibu upesi, kama tufanyavyo mara nyingi sisi masheikh tunapoulizwa jambo tusilolijua: "Mwanangu, kama ya zamani yachapa, mpya ya nini? Israfu haifai." Akanyamaza kwa adabu.

Asubuhi nikakaa naye dukani. Akaja mama mmoja kuchukua picha ya marehemu mumewe. Kwenye kioo cha kompyuta uso ulikuwa wa maji ya kunde. Kwenye karatasi ukatoka wa kijivu, kana kwamba umepakwa jivu. Mpwa wangu akachapa tena, na tena. Akanieleza kwamba printa ni mpya kuliko programu, na programu haijui kuipimia wino. Karatasi nne zikaharibika. Mama yule akaishika ile iliyo afadhali, akaitazama, akasema, "Huyu siye," akairudisha mezani. Nikaona haya. Israfu niliyoikataza ilikuwa pale mbele ya macho yangu, na jibu langu ndilo lililoiruhusu iendelee.

Mchana akaja fundi wa kompyuta na njia yake: toleo jipya lililovunjwa kufuli, lisilo na ada. Hapa sikuhitaji kubahatisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, liliamua kwamba haki za uandishi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Programu nayo ina mwenyewe. Fundi akacheka: "Sheikh, mwenyewe yuko ng'ambo, hatujui." Nikamwambia, "Atujuaye yupo."

Tukakubaliana alitie toleo halali kwa siku za majaribio kwanza. Alipokuwa akiliweka, yakatokea maandishi kiooni, nikamwomba anifasirie. Programu ilitaka kupeleka nakala ya kila picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na alama ya kukubali ilikuwa imekwisha kutiwa. Mpwa wangu akashika kifua. Ndani ya kompyuta ile mna picha za mabibi harusi bila mitandio, waliojipamba mbele ya wanawake wenzao tu. Walimwamini yeye; hawakumpa ruhusa ya kuzipeleka kwengine.

Surat An-Nisaa, aya ya 58, yatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Sheria ya nchi nayo, ile ya Kulinda Data ya mwaka 2019, yamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde. Tukaisimamisha kazi. Picha zote za harusi zikahamishiwa kwenye diski ya pembeni, ikafungiwa kabatini, na zilizobaki kwenye kompyuta zikafutwa. Alama ile ikaondolewa. Programu ya zamani hakuifuta, mpaka aiamini mpya. Kisha akapiga hesabu: ada ya mwaka akaigawa kwa miezi 12, akailinganisha na karatasi na wino unaoharibika kila mwezi. Hasara ya kubaki ilizidi ada. Akaazimia kulipa kwa akiba ya duka, bila mkopo wa riba.

Siku ya tatu mama yule alirudi. Picha ikachapwa mara moja tu. Akaitazama kitambo, akaifunga kwenye upindo wa leso yake, akaondoka bila kusema neno.

Dada zangu, mnapopeleka picha zenu kuchapwa, ulizeni: zitahifadhiwa wapi, nani ataziona, zitafutwa lini? Nanyi wenye maduka, kabla ya kukubali toleo lolote jipya, someni lile linaloombewa ruhusa, kwani mnachokiruhusu mara nyingi si mali yenu.

Ama mimi, nilipokuwa nikiagana na mpwa wangu nilimwomba radhi kwa jibu langu la usiku ule. Nilihukumu kazi kabla ya kuiona.

Wallahu a'lam.